Tathmini ya kazi: Kwa nini mfanyakazi hapaswi kusubiri hadi Juni kuambiwa ukweli

Mwaka wa fedha wa Uganda hufungwa tarehe 30 Juni. Siku hiyo inapokaribia, meza za ofisi za umma mjini Kampala hujaa fomu za tathmini ya utendaji kazi. Msimamizi na mtumishi huketi pamoja, wakajaribu kukumbuka yaliyofanyika tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Alama hujazwa, sahihi hutiwa, na faili hurudishwa kabatini.

Wapo watumishi ambao kwao hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka mzima ambapo kazi yao huzungumzwa kwa kirefu. Wapo pia wanaosikia siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kwamba kuna jambo lililokuwa likienda mrama tangu Septemba.

Hali hii haiko serikalini peke yake. Hoteli, benki, shule binafsi, viwanda na mashirika yasiyo ya kiserikali hufuata desturi hiyohiyo, ingawa tarehe hutofautiana. Swali linaloulizwa na wengi wanaosimamia watu ni hili: je, mazungumzo ya siku moja yanaweza kubeba mzigo wa miezi kumi na miwili?

Jibu linalozidi kukubalika ni kwamba hayawezi. Tathmini ya mwaka ina kazi yake, lakini haipaswi kuwa na jambo lolote ambalo mfanyakazi hajawahi kulisikia.

Mrejesho ni nini, na unatofautianaje na tathmini?

Mrejesho ni taarifa anayopewa mtu kuhusu namna kazi yake ilivyofanyika na matokeo yaliyopatikana, ili ajue lipi adumishe na lipi abadilishe. Unaweza kutolewa kwa dakika tatu baada ya kikao, au kwa nusu saa mwishoni mwa mwezi.

Tathmini ni uamuzi. Hutazama kipindi kilichopita, hutoa alama, na mara nyingi hufungamanishwa na mambo makubwa: kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo, nyongeza ya mshahara au kutoongezewa mkataba.

Mambo haya mawili yanahitajiana. Kosa hutokea pale tathmini inapolazimishwa kufanya kazi ya mrejesho. Mtu anayesubiri kujua kama atapandishwa cheo hana utulivu wa kujifunza, anajitetea. Na msimamizi anayejua kwamba kila neno litaingia kwenye faili huchagua maneno laini yasiyomsaidia mtu.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa mapokezi katika hoteli, ambaye huziacha simu za wageni zikilia muda mrefu kabla ya kuzipokea. Akiambiwa katika wiki ya kwanza, jambo hilo humalizika siku hiyohiyo. Likisubiri fomu ya mwisho wa mwaka, hoteli itakuwa imepoteza wageni wa miezi kumi na moja, naye mhudumu atapewa alama ndogo kwa kosa ambalo hakuna aliyemwonyesha. Wahenga walilisema hilo kwa ufupi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kutoka ripoti ya siri hadi meza ya wazi

Kwa miaka mingi, utumishi wa umma wa Uganda ulitumia ripoti ya siri ya mwaka, utaratibu uliorithiwa kutoka utawala wa Waingereza. Mkuu wa idara aliandika maoni yake kuhusu mtumishi, na maoni hayo yakaenda kwa wakubwa bila mwenyewe kuyaona. Mtu aliweza kukaa daraja moja kwa miaka bila kujua sababu.

Mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kushika kasi katika miaka ya 1990 yalileta fikra mpya ya kupima matokeo badala ya kuhesabu saa za kukaa ofisini. Mwaka 2002, Wizara ya Utumishi wa Umma ilianzisha tathmini ya wazi. Tangu hapo, mtumishi na msimamizi wake wanapaswa kukubaliana juu ya malengo, kujadili matokeo ana kwa ana, na wote wawili kutia sahihi. Fomu inampa mtumishi nafasi ya kuandika maoni yake mwenyewe, hata kama hakubaliani na alama alizopewa.

Tanzania ilipita njia inayofanana na hiyo. Mwaka 2004 ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana zaidi kwa kifupi chake cha OPRAS. Miaka ya karibuni mfumo huo umepisha ule wa kidijitali uitwao PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na hatua za utekelezaji kadiri kazi inavyoendelea.

Mwelekeo huo umeonekana pia nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 2012, kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe ya Marekani iliachana na tathmini ya mwaka na kuweka mahali pake mazungumzo ya mara kwa mara kati ya meneja na mfanyakazi. Mwaka uliofuata, Microsoft iliacha utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa kuwalinganisha wao kwa wao.

Hata hivyo, kubadilisha fomu ni rahisi kuliko kubadilisha mazoea. Tathmini inaweza kuwa ya wazi kwenye karatasi, lakini ikiwa pande mbili hukutana mara moja kwa mwaka, uwazi huo hufika ukiwa umechelewa.

Sheria ya Uganda inasemaje?

Kwa mfanyakazi wa Kampala, jambo hili linagusa mkate wa kila siku. Uganda haina mfuko wa serikali unaomlipa mtu posho kwa sababu tu amepoteza kazi. Anayeachishwa kwa kile kinachoitwa utendaji duni hurudi nyumbani akiwa na barua mkononi, kodi ya nyumba na karo za watoto zikimsubiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaliangalia suala hilo waziwazi. Kwa mpangilio wake wa awali, kifungu cha 66 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anatarajiwa kuielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe wakati wa maelezo hayo. Mwajiri anapaswa kusikiliza utetezi wake, na kumpa muda wa kutosha kuuandaa.

Mwajiri anayepuuza utaratibu huo anaweza kutakiwa kumlipa mfanyakazi mshahara wa wiki nne, hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwa ya haki. Kifungu cha 68 kinaongeza kwamba, katika shauri linalotokana na kuachishwa kazi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha sababu ya uamuzi wake.

Mfanyakazi aliyetumikia kwa angalau wiki 13 mfululizo na anayeamini kwamba ameachishwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Shauri linaweza kufika hadi Mahakama ya Viwanda, iliyoko Kampala.

Hapa ndipo mrejesho wa mara kwa mara unapokuwa kinga kwa pande zote mbili. Mwajiri anayedai kwamba mtu hakuweza kazi ataulizwa: ulimwambia lini, ulimsaidia vipi, na ulimpa muda gani wa kujirekebisha? Kama faili lina tathmini tatu zilizoandikwa “vizuri” na barua moja ya kufukuza, atakuwa na kazi ngumu ya kueleza. Na mfanyakazi aliyekuwa akipewa mrejesho ulioandikwa ana ushahidi wa alichoambiwa, na pia wa alichokirekebisha.

Sheria za nchi jirani zina msimamo wa karibu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nacho kinataka maelezo yatolewe kwa lugha inayoeleweka, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nchini Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji duni na ampe mfanyakazi mwongozo na muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha.

Mrejesho unaojenga na unaobomoa

Itakuwa kosa kudhani kwamba maneno mengi ndiyo mrejesho mwingi. Mwaka 1996, watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kwa miongo kadhaa kuhusu mrejesho. Waligundua kwamba, kwa wastani, mrejesho huongeza ubora wa kazi. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyachambua, utendaji ulishuka baada ya mrejesho kutolewa.

Maelezo yao yalikuwa kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyomwondoa mtu kwenye kazi na kumfanya ajifikirie yeye mwenyewe, thamani yake na heshima yake. Anayeambiwa kuhusu kazi huirekebisha kazi. Anayeambiwa kuhusu tabia yake hujilinda.

Fikiria msimamizi anayemwambia karani wake: “Wewe ni mzembe.” Karani ataondoka na uchungu, bila kujua la kufanya. Sasa fikiria maneno haya: “Ripoti ya mauzo ya Jumatatu ilinifikia Jumatano, na agizo la bidhaa likachelewa kwa siku mbili. Nini kilitokea?” Hapa kuna tukio, kuna athari, na kuna swali. Huenda karani akajibu kwamba takwimu za ghala la Nalukolongo humfikia Jumanne jioni. Kwa swali moja, msimamizi amegundua kwamba kasoro haiko kwa karani. Iko kwenye ratiba ya ghala.

Sifa nazo zinahitaji uangalifu uleule. “Umefanya vizuri” hupendeza masikioni, lakini haimwambii mtu arudie nini. “Ulivyomtuliza yule mteja kwa kumwonyesha risiti mbili kwa pamoja ulituepusha na ugomvi” ni sifa inayofundisha.

Kampala ina mfano mwingine wa kutafakari. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanzia jijini humo mwaka 2014, ni miongoni mwa zilizozoesha abiria kuwapa alama waendesha bodaboda kupitia simu baada ya safari. Huo ni mrejesho usiokatika. Lakini nyota tatu haziwezi kumweleza dereva kama abiria aliudhika kwa mwendo, kwa kofia chafu au kwa mvua iliyonyesha njiani. Alama huonyesha kwamba kuna jambo. Ni mazungumzo yanayoonyesha ni jambo gani.

Heshima, lugha na ukimya

Anayetembea Kampala asubuhi atasikia salamu ya Kiganda isemayo “gyebale ko”, ambayo kiini chake ni kumshukuru mtu kwa kazi anayoifanya. Mzungumzaji wa Kiswahili ataifananisha na “pole na kazi”. Shukrani kwa kazi imo ndani ya salamu yenyewe. Utamaduni haujakosa maneno mema ya kumwambia mfanyakazi.

Linalokosekana mara nyingi ni njia ya kusema yasiyopendeza, hasa kutoka chini kwenda juu. Kwa Kiganda, mwajiri huitwa “mukama wange”, na neno hilo “mukama” ndilo pia hutumika kumtaja Mwenyezi Mungu. Si ajabu basi kwamba kijana aliyelelewa kutowajibu wakubwa hunyamaza anapoulizwa na mkuu wake kama ana maoni. Msimamizi akidhani ukimya huo ni kukubali, atakuwa amejidanganya.

Njia mojawapo ya kuufungua mlango ni msimamizi kuanza kwa kujisema mwenyewe: “Wiki iliyopita nilikupa kazi ile jioni sana. Kuna kitu kingine ninachofanya kinachokwamisha kazi yako?” Njia nyingine ni kuuliza swali mahususi badala ya lile pana. “Una maoni?” hujibiwa “hapana”. “Ni hatua gani moja katika kazi hii ungeiondoa?” hujibiwa kwa jambo halisi.

Mahali nako kuna uzito. Katika maduka ya jumla ya Kikuubo, mwenye duka husimama karibu na wafanyakazi wake kutwa, na maneno hayakosekani. Lakini karipio mbele ya wateja humvunjia mtu heshima, na anachokikumbuka baadaye ni aibu, si somo. Sifa inaweza kutolewa hadharani; marekebisho yasubiri faragha, ingawa si kwa siku nyingi.

Kisha kuna lugha. Kiingereza ndiyo lugha ya fomu. Kiganda ndicho kinachotawala sokoni na mitaani. Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Jiji lina wafanyakazi kutoka kila pembe ya Uganda, na kutoka Congo, Rwanda, Sudan Kusini na Kenya. Mlinzi anayetia sahihi fomu ya Kiingereza asiyoielewa hajapewa mrejesho, amepewa karatasi. Matakwa ya sheria kuhusu lugha inayoeleweka yangefaa kufuatwa tangu mazungumzo ya kwanza, si siku ya kufukuzana tu.

Mwaka mmoja unaweza kupangwaje?

Kwa taasisi inayofuata mwaka wa fedha wa Uganda, ratiba rahisi inaweza kuwa hivi.

Julai: Msimamizi na mfanyakazi wanakubaliana malengo machache, matatu hadi matano, yanayoweza kupimika. “Kuboresha huduma” si lengo. “Kila malalamiko ya mteja yajibiwe ndani ya saa 48” ni lengo.

Kila baada ya wiki moja au mbili: Mazungumzo mafupi ya dakika 10 hadi 15. Maswali matatu yanatosha: Nini kimekwenda vizuri? Nini kimekwama? Unahitaji nini kutoka kwangu?

Septemba, Desemba na Machi: Kikao kirefu zaidi cha robo mwaka. Malengo hupitiwa upya, na yaliyopitwa na wakati hubadilishwa. Maafikiano huandikwa kwa mistari michache, na kila upande hubaki na nakala.

Juni: Tathmini ya mwaka. Kwa kuwa kumbukumbu za robo tatu zipo, alama hazitegemei yaliyotokea wiki mbili zilizopita tu. Hii ni faida kubwa, kwani binadamu hukumbuka zaidi ya karibuni: mtu aliyefanya kazi vyema kwa miezi kumi anaweza kuhukumiwa kwa kosa la Mei, na mvivu wa mwaka mzima akaokolewa na bidii ya Juni.

Mfanyakazi afanye nini?

Mfanyakazi hapaswi kukaa akisubiri kuitwa. Anaweza kuomba mrejesho mara tu baada ya kumaliza kazi, na kuuliza jambo moja: “Nikiirudia kazi hii, nibadilishe nini?”

Ni busara pia kuweka daftari lake mwenyewe la tarehe, kazi alizokamilisha, vikwazo alivyovikuta na maelekezo aliyopewa. Akipewa mrejesho asiokubaliana nao, aombe mfano halisi, ajipe siku moja ya kuutafakari, kisha ajibu kwa maandishi na kwa adabu. Asitie sahihi fomu asiyoielewa kabla ya kuomba ifafanuliwe.

Tahadhari kwa waajiri

Mrejesho wa mara kwa mara unaweza kugeuzwa kuwa ufuatiliaji wa kila dakika. Msimamizi anayetuma ujumbe wa kukosoa usiku na mchana halei utendaji; anapanda hofu. Kumbukumbu zinazoandika makosa pekee nazo si mrejesho. Ni maandalizi ya kumfukuza mtu, na wafanyakazi huling’amua hilo mapema.

Suala la muda ni la kweli. Msimamizi mwenye watu 40 hawezi kuzungumza na kila mmoja kila wiki. Suluhisho ni kugawanya usimamizi kwa viongozi wa vikundi, na kuwafundisha namna ya kuzungumza na watu, kwa kuwa fundi hodari haimaanishi kuwa msimamizi hodari.

Na maneno mazuri hayawezi kuziba pengo la mshahara mdogo, vifaa vibovu au cheo kinachotolewa kwa kujuana. Mfanyakazi akieleza kwa miezi sita kwamba mashine imeharibika na isitengenezwe, atajifunza kwamba mazungumzo hayo ni mapambo.

Waganda wana methali isemayo “kamu kamu gwe muganda”: kijiti kimoja kimoja ndicho kinachofanya mzigo wa kuni. Mrejesho nao hukusanywa hivyo, kidogo kidogo, tangu Julai.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama utaratibu huo unafanya kazi. Siku ya tathmini, kabla fomu haijafunguliwa, mwulize mfanyakazi akisie msimamizi wake ameandika nini. Akikisia karibu yote, mwaka ulitumika vizuri. Akishindwa, tathmini inayohitajika zaidi ni ya msimamizi.